Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mateka wa Vita katika Maandiko ya Kiebrania

Maswali yafuatayo huulizwa tena na tena na wasomaji wa Biblia, wanafunzi wa dini na watu wasio na imani yoyote ambao wamekutana na vifungu hivi wakashtuka. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake; pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Ni vifungu vipi hasa vinavyozungumzia mateka wa vita?

Sheria zenyewe ni chache kuliko wengi wanavyodhani. Kumbukumbu la Torati sura ya 20 inaweka utaratibu wa kuuzingira mji, na sura ya 21, mstari wa 10 hadi wa 14, inamhusu mwanamke aliyetekwa vitani. Walawi 25:44-46 inazungumzia watumwa wa kigeni, na Hesabu 31 ni simulizi la vita lenye maagizo ya kugawa nyara na kujitakasa.

Sehemu kubwa zaidi imo katika masimulizi na katika maneno ya manabii: Daudi na mateka wa Siklagi (1 Samweli 30), Elisha na kikosi cha Washami (2 Wafalme 6), Odedi huko Samaria (2 Mambo ya Nyakati 28), na hukumu za Amosi juu ya mataifa. Msomaji anayeishia kwenye sheria peke yake atadhani kwamba Maandiko yana sauti moja juu ya mateka. Hayana, na majibu haya yameandikwa kwa kuamini kwamba mabishano hayo ya ndani ni sehemu ya urithi wa Maandiko yenyewe, kwa hiyo hayapaswi kufichwa.

2. Kumbukumbu la Torati 20 inaamuru nini?

Inagawa miji katika makundi mawili. Mji ulio mbali hupewa kwanza nafasi ya amani: ukikubali na kufungua malango, watu wake wote hubaki hai lakini hufanyishwa kazi ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Ukikataa na kushindwa, wanaume huuawa kwa upanga, na wanawake, watoto, mifugo na mali huwa nyara. Mji wa mataifa yaliyokaa Kanaani haupewi nafasi hiyo. Haipasi kuachwa hai chochote chenye pumzi.

Sura hiyohiyo inakataza kuikata miti ya matunda wakati wa kuuzingira mji, na inawarudisha nyumbani mtu aliyejenga nyumba asiizindue, aliyepanda shamba la mizabibu asile matunda yake, aliyeposa asioe, na hata mwenye hofu. Ni vigumu kusoma sura inayouhurumia mti na isiyomhurumia mtoto wa Mkanaani bila kuguswa na pengo hilo, na mtu anayeguswa nalo hajaisoma vibaya.

3. Je, Waisraeli walikuwa wakatili kuliko majirani zao?

Ushahidi hauonyeshi hivyo. Jiwe la mfalme Mesha wa Moabu, la karne ya 9 KK, lililopatikana Dhiban mwaka 1868 na ambalo sasa liko katika jumba la Louvre mjini Paris, linasimulia jinsi Mesha alivyouteka mji wa Nebo kutoka kwa Israeli, akawaua watu 7,000 na kuuweka mji wakfu kwa mungu wake, kwa kutumia neno lilelile ambalo Waebrania walilitumia kwa maangamizi ya namna hiyo. Anaeleza pia kwamba mateka wa Kiisraeli ndio waliomchimbia mahandaki.

Waashuri nao walijivunia mateka wao hadharani. Mfalme wao Sargon II anadai kuwahamisha watu 27,290 kutoka Samaria. Mrithi wake Senakeribu anadai kuchukua watu 200,150 kutoka Yuda mwaka 701 KK, na picha alizochongesha ukutani huko Ninawi, ambazo sasa ziko London, zinaonyesha familia za Lakishi zikitoka mjini na mizigo yao huku wengine wakichunwa ngozi na kutundikwa mitini.

Ulinganisho huu unaeleza mazingira, lakini hautoi udhuru. Kitabu kinachodai kwamba taifa lake linamfuata Mungu wa haki kinajitwika kipimo kizito kuliko desturi ya majirani, na manabii walikitumia kipimo hicho bila upendeleo (tazama swali la 11).

## Mwanamke aliyetekwa

4. Kumbukumbu la Torati 21:10-14 inasema nini hasa?

Askari akimwona miongoni mwa mateka mwanamke mzuri na kumtamani awe mke wake, humleta nyumbani kwake. Huko mwanamke hunyolewa nywele, hukata kucha, huvua mavazi ya uteka, na hukaa mwezi mzima akiwalilia baba yake na mama yake. Baada ya hapo ndipo mwanamume anaweza kumwingilia na kuwa mume wake. Iwapo baadaye hatapendezwa naye, ni lazima amwache aende atakako mwenyewe. Haruhusiwi kumwuza kwa fedha wala kumfanya mtumwa, na sababu inatajwa waziwazi: amekwisha kumtweza.

Tazama kile ambacho sheria hii inakiri. Inakiri kwamba mwanamke huyu ana wazazi, kwamba ana haki ya kuwalilia, na kwamba kilio chake kina muda usiopaswa kukatizwa na tamaa ya aliyemteka. Inakiri pia, katika mstari wa mwisho, kwamba alichotendewa ni udhalilishaji, na kwamba udhalilishaji huo unazaa deni. Ni nadra kwa sheria ya kale ya mshindi kutamka jambo hilo kwa ulimi wake yenyewe.

5. Basi je, sheria hiyo inaruhusu ubakaji?

Kwa kipimo cha ridhaa, jibu la kweli ni kwamba hakuna mahali popote katika mistari hiyo mwanamke anapoulizwa kama anakubali. Wanaosema kwamba ni ndoa ya kawaida wanasahau kwamba jamaa zake huenda wameuawa na mwanamume huyohuyo au na wenzake, na kwamba hana mlango wa kutokea. Mwanamke asiyeweza kukataa hajakubali, hata kama amepewa mwezi mmoja wa kulia.

Lakini wanaosema kwamba sheria inawapa askari uhuru wa kufanya watakavyo nao wanaisoma kinyume chake. Ilikuwa kizuizi: ilimwondoa mwanamke kwenye uwanja wa vita, ikaweka mwezi mzima katikati, ikamnyang'anya urembo uliowasha tamaa, ikampa hadhi ya mke, na ikamziba mwanamume njia ya kumgeuza bidhaa. Kauli hizi mbili ni za kweli kwa pamoja. Sheria ilipunguza uovu bila kuufuta, na anayeitetea anapaswa kuzikubali nusu zote mbili za sentensi hiyo.

Yafaa pia kukumbuka wimbo wa Debora katika Waamuzi 5. Humo, mawazo ya kugawana wasichana, mmoja au wawili kwa kila mwanamume, yamewekwa katika kinywa cha mama yake jemadari Sisera, adui anayesubiri dirishani mwana ambaye hatarudi. Mshairi alijua namna jambo hilo linavyosikika linaposemwa juu ya mabinti wa kwao.

6. Wanazuoni wa Kiyahudi waliisomaje sheria hiyo?

Kwa wasiwasi mkubwa. Talmudi, mkusanyiko mkuu wa mijadala ya marabi, katika Kidushini 21b-22a, inasema kwamba Torati ilitoa ruhusa hii kwa sababu ya kukabiliana na tamaa mbaya ya mwanadamu. Yaani ni idhini iliyotolewa kwa shingo upande. Rashi, mfafanuzi wa Maandiko wa Ufaransa wa karne ya 11, alieleza kwamba kunyolewa kulikusudiwa kumpunguzia mwanamke mvuto ili askari abadili nia, na akaona kwamba si bahati tu kuwa vifungu vinavyofuata vinamhusu mke anayechukiwa na mwana mkaidi: anayeanza kwa njia hii atavuna chuki ndani ya nyumba yake.

Palikuwa na mabishano makali juu ya iwapo askari aliruhusiwa kumwingilia mara ya kwanza kabla ya taratibu hizo. Maimonides, mwanazuoni wa sheria wa karne ya 12, aliandika kwamba aliruhusiwa, ingawa kwa masharti. Nahmanides, wa karne ya 13, aliegemea rai iliyomo katika Talmudi ya Yerusalemu, kwamba hakuna kinachoruhusiwa mpaka mambo yote yatimie, na kwa maoni yangu ndiyo rai inayofuata mpangilio wa maneno ya kifungu chenyewe. Maimonides naye aliweka utaratibu wa mwanamke asiyetaka kuingia katika dini ya Kiyahudi: anangojewa miezi 12, na akiendelea kukataa na kuzishika zile amri saba za wana wa Nuhu, ambazo mapokeo ya Kiyahudi huziona kuwa za wanadamu wote, anaachwa huru wala haolewi. Hapo kukataa kwake kumepata uzito ambao mistari ya awali haikuupa.

Kwa upande wa Wakristo wa kale, Origen na Jerome waligeuza kifungu hiki kuwa mfano wa elimu ya Kiyunani, ambayo Mkristo angeweza kuitwaa baada ya kuinyoa upotovu wake. Ni ufafanuzi wenye akili, ila ulimsahau kabisa mwanamke.

## Maangamizi, Midiani na Amaleki

7. Nini kilitokea katika Hesabu 31?

Waisraeli 12,000 wanatumwa kulipiza kisasi juu ya Midiani kwa sababu ya tukio la Peori, Waisraeli walipovutwa kumwabudu Baali wa Peori, ambalo katika Hesabu 25 liliambatana na pigo lililoua watu 24,000. Wanawaua wanaume wote na kurudi na wanawake, watoto na mifugo. Musa anawakasirikia maofisa, na kuamuru wauawe watoto wote wa kiume na kila mwanamke aliyewahi kulala na mwanamume. Wasichana wengine waachwe hai kwa ajili ya askari. Hesabu inatajwa: kondoo 675,000, ng'ombe 72,000, punda 61,000, na wasichana 32,000, wameorodheshwa baada ya punda.

Watetezi huonyesha kwamba amri ya kuua wavulana na wanawake inatoka kinywani mwa Musa na kwamba maandishi hayamnukuu Mungu akiitoa. Ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba baada ya hapo Mungu anatoa maelekezo ya kugawa nyara, wasichana wakiwamo, na hakuna karipio. Hoja hiyo haibebi mzigo unaotwikwa.

Wengine husema kwamba kuwaacha wasichana hai kulikuwa rehema. Siwezi kuiandika sentensi hiyo kama jibu. Msichana aliyeshuhudia mama yake na kaka yake mdogo wakiuawa baada ya vita kwisha, kisha akapewa mmoja wa wauaji, hakutendewa rehema, na hakuna kipindi cha historia kinachobadilisha hilo.

Linalostahili kuonekana ni kwamba simulizi lenyewe halitulii. Askari wanakaa nje ya kambi siku saba kujitakasa, kwa kuwa wamegusa maiti, na mwishoni maofisa wanaleta dhahabu ya shekeli 16,750 ili kufanya upatanisho kwa ajili ya nafsi zao. Tena Midiani ndiyo nchi ya Yethro, na Sipora mke wa Musa ni binti wa Midiani. Mwandishi halitaji jambo hilo katika sura hii, lakini msomaji wa Kutoka hawezi kulisahau.

8. Wale watu 32 kati ya mateka wa Midiani (Hesabu 31) waliotolewa kuwa sehemu ya Bwana walitolewa kafara?

Hapana, maandishi hayasemi hivyo. Walikabidhiwa kwa kuhani Eleazari, kama vile wengine 320 walivyopewa Walawi. Madhabahu hayatajwi, na Torati kwingineko inalaani kutoa watu kuwa sadaka. Maana inayokubalika zaidi ni kwamba walipewa kuwa watumishi.

9. Kwa nini Sauli alilaumiwa kwa kumwacha hai Agagi?

Katika 1 Samweli 15 Sauli, mfalme wa Israeli aliyeamriwa kuwaangamiza Waamaleki, hakulaumiwa kwa huruma, maana hakuwahurumia Waamaleki wa kawaida. Alimwacha mfalme wao Agagi na mifugo minono. Kosa lake katika simulizi ni kugeuza maangamizi kuwa faida, kwa sababu kitu kilichowekwa wakfu kwa namna hiyo hakikupaswa kumnufaisha mtu yeyote. Maelezo haya yanasaidia kuielewa hasira ya nabii Samweli; hayapunguzi uzito wa amri ya kuwaua hata wanyonyao.

Simulizi la Ahabu na Ben-hadadi (1 Wafalme 20) linafanana na hili. Ahabu, mfalme wa Israeli, alimwachilia Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, kwa mapatano yaliyompatia, pamoja na miji, haki ya kuwa na masoko Dameski, na nabii akamhukumu. Katika visa vyote viwili anayehurumiwa ni mkubwa mwenye kitu cha kutoa.

10. Je, maangamizi ya Kanaani yalitokea kweli?

Kwa ukubwa unaosimuliwa, ushahidi ni dhaifu. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Kathleen Kenyon huko Yeriko kati ya 1952 na 1958 haukupata mji mkubwa wenye kuta katika kipindi ambacho kwa kawaida kinahusishwa na Yoshua, na sura ya kwanza ya Waamuzi inaorodhesha Wakanaani wengi waliobaki. Midiani iliyofutwa katika Hesabu 31 inarudi na nguvu katika siku za Gideoni. Wataalamu wengi huona kwamba Kumbukumbu la Torati lilipata umbo lake karne ya 7 KK, wakati mataifa hayo hayakuwa tena tishio la vita. Hata hivyo swali la maadili linabaki, kwa sababu maneno hufundisha hata pale ambapo tukio halikutokea.

## Sauti za huruma na za lawama

11. Je, manabii walikubaliana na kuuza mateka?

Amosi hakukubali. Katika sura ya kwanza anaihukumu Gaza kwa kuteka jamii nzima na kuitia mikononi mwa Edomu, kisha Tiro kwa jambo hilohilo, kisha Amoni kwa kuwapasua wanawake wajawazito wa Gileadi. Sura ya pili inafungua kwa Moabu, iliyoichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Kosa hili la mwisho halikumhusu Mwisraeli hata mmoja, na bado Mungu wa Israeli analidai. Yoeli 3 inawalaumu wale waliomtoa mvulana kwa kahaba na kumwuza msichana ili wanywe divai, na Obadia anaihukumu Edomu kwa kuwatoa wakimbizi waliosalia.

12. Elisha aliwafanyia nini mateka Washami?

Kikosi kilichotumwa kumkamata kilipigwa upofu, na Elisha akakiongoza mpaka katikati ya Samaria. Mfalme wa Israeli akauliza mara mbili, akimwita nabii baba yake, kama awapige. Elisha alimkataza, akamwuliza kama huwaua hata wale anaowateka kwa upanga na upinde wake mwenyewe, kisha akaamuru wapewe chakula na maji. Mfalme akawaandalia karamu kubwa na kuwarudisha kwa bwana wao, na vikosi vya Shamu havikuingia tena katika nchi.

Mistari inayofuata inasimulia Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, akiuzingira Samaria kwa jeshi lake lote, kwa hiyo haifai kuahidi kwamba ukarimu hukomesha vita. Umuhimu wa kisa uko kwingine: hawa walikuwa wageni, maadui, waliokuja na silaha kumkamata nabii, na bado kuwaua baada ya kuwatia mkononi kulionekana kuwa jambo lisilofaa.

13. Odedi ni nani, na kwa nini anatajwa sana?

Katika siku za Ahazi, mfalme wa Yuda, karne ya 8 KK, ufalme wa kaskazini wa Israeli uliipiga Yuda na, kwa mujibu wa 2 Mambo ya Nyakati 28, ukachukua mateka 200,000, wanawake, wana na binti. Jeshi lilipokaribia Samaria, nabii Odedi alitoka kulilaki. Hakukana kwamba ushindi ulitoka kwa Mungu. Aliwaambia kwamba walikuwa wameua kwa ghadhabu iliyofika mbinguni, kwamba sasa walikusudia kuwafanya watu hao watumwa, na akawauliza kama wao wenyewe hawakuwa na hatia mbele za Bwana. Kisha akawataka wawarudishe mateka.

Wakuu wanne wa Efraimu, yaani wa ufalme huo wa kaskazini, walisimama upande wake na kulizuia jeshi. Majina yao yamehifadhiwa: Azaria, Berekia, Yehizkia na Amasa. Askari wakaziacha nyara, na watu waliotajwa wakawavika waliokuwa uchi kwa nguo zilizotoka katika nyara zilezile, wakawapa viatu, chakula na maji, wakawapaka mafuta, wakawapandisha waliokuwa dhaifu juu ya punda, na kuwafikisha Yeriko, mji wa mitende, kwa ndugu zao.

Hiki ndicho kifungu ambacho ningemtaka kila mtu akisome kabla ya kubishana juu ya vingine. Kina mpaka wake: hoja ya Odedi ni kwamba mateka hao ni ndugu. Kikiwekwa kando ya kisa cha Elisha, hata hivyo, mpaka huo unaanza kulegea.

14. Waisraeli wenyewe walipotekwa, Maandiko yanasemaje?

Yanasema mengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya Maandiko ilikusanywa na watu waliojua uteka. Maombolezo 5:11 inalia juu ya wanawake waliotendwa jeuri Sayuni. Sala ya Sulemani katika 1 Wafalme 8 inaomba wapate huruma mbele ya waliowateka. Binti mdogo aliyetekwa, anayemtumikia mke wa Naamani, jemadari wa Shamu, ndiye anayemwelekeza bwana wake kwa nabii ili apone, na hajapewa hata jina. Zaburi 137 inaanza na machozi kando ya mito ya Babeli na kuishia kwa kutamani watoto wa Babeli wapigwe mwambani. Ni sauti ya aliyeumizwa, na haikuandikwa kama amri.

## Utumwa na hali za pembeni

15. Mateka aliyefanywa mtumwa alikuwa na haki gani?

Walawi 25 inaruhusu mtumwa wa kigeni kurithishwa watoto kama milki, jambo ambalo halikuruhusiwa kwa Mwebrania. Hata hivyo alipumzika siku ya Sabato, na bwana aliyemng'oa jicho au jino alilazimika kumwacha huru (Kutoka 21:26-27). Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka, na inamruhusu akae mahali atakapochagua. Sheria ya Hammurabi, ya karne ya 18 KK, ilimhukumu kifo mtu aliyemficha mtoro. Tofauti hiyo ni kubwa, na wapinzani wa utumwa nchini Marekani katika karne ya 19 walikitumia kifungu hicho dhidi ya sheria za kuwarudisha watoro.

16. Je, mtu anaweza kuzitumia sheria hizi katika vita vya leo?

Hapana, hata kwa mantiki ya mapokeo yenyewe. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, katika Yadayimu 4:4, inasimulia Mwamoni aliyetaka kuingia katika jumuiya, ingawa Torati iliwakataza Waamoni; Rabi Yehoshua alimkubali kwa hoja kwamba Senakeribu, mfalme wa Ashuri, alikwisha kuyachanganya mataifa yote, hivyo hayatambuliki tena. Maimonides aliandika kwamba kumbukumbu ya mataifa saba ya Kanaani imepotea, na akafundisha kwamba hata hayo yalipaswa kuitiwa amani kwanza. Anayelipachika taifa lililo hai jina la Amaleki (tazama swali la 9) anafanya jambo ambalo wanazuoni hao walikwisha kuliziba. Mbali na hayo, Mikataba ya Geneva ya 1949 inalinda uhai na heshima ya mateka na ya raia, na inakataza ubakaji waziwazi.

17. Je, ni wajibu kumkomboa mateka kwa gharama yoyote?

Kumkomboa mateka ni miongoni mwa wajibu wa juu kabisa katika sheria ya Kiyahudi. Talmudi (Baba Batra 8b) inauhesabu uteka kuwa mbaya kuliko upanga na njaa, kwa kuwa unayabeba yote. Maimonides mwenyewe alichangisha fedha huko Misri kwa ajili ya Wayahudi waliotekwa Bilbeis mwaka 1168. Hata hivyo Mishna (Gitini 4:6) inakataza kulipa zaidi ya thamani ya kawaida, ili watekaji wasipate hamu ya kuteka tena.

Katazo hilo halikuwa kamili. Talmudi inasimulia kwamba Rabi Yehoshua ben Hananya alimkuta kijana Myahudi katika gereza la Roma na kuapa kwamba hataondoka hapo mpaka amkomboe kwa bei yoyote, na akafanya hivyo; wafafanuzi wa baadaye walitoa humo ruhusa ya kuvuka kiwango pale uhai unapokuwa hatarini. Na ikiwa fedha zinatosha kumkomboa mmoja tu kati ya mwanamume na mwanamke, Mishna (Horayoti 3:7) inasema mwanamke atangulie, isipokuwa pale ambapo wote wawili wamo katika hatari ya kunajisiwa.